Kwa wafasiri na wakalimani wa kikundi: kurasa zetu za mtandaoni

Ndugu wanakikundi,

Habari za kazi. Naomba kila mmoja afungue ukurasa wake wa LinkedIn na kuusoma kama atakavyousoma mteja aliyeko Geneva au Nairobi, ambaye hamfahamu na ana dakika chache tu za kuamua amwandikie nani.

Mstari ulio chini ya jina una nafasi ya herufi 220, lakini wengi wetu tumeandika "Mfasiri" na kuishia hapo. Tajeni jozi ya lugha na fani, kwa mfano "Mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, nyaraka za afya na sheria", kwani hayo ndiyo mteja anayoyaandika anapotafuta mtu.

Kuhusu sampuli, nawasihi kwa dhati msibandike kazi ya mteja, hata mkifuta jina lake, kwa kuwa siri zake ni amana na mteja mpya akiona zimeanikwa atahofia na zake. Badala yake, tafsirini aya mbili za waraka uliokwisha kutolewa kwa umma, wekeni matini ya awali pembeni, kisha elezeni kwa nini mmechagua istilahi hii mkaacha ile. Kwa maoni yangu, maelezo hayo humshawishi mteja kuliko cheti.

Picha iwe ya karibuni, uso uonekane vizuri.

Anayetaka ukurasa wake upitiwe anitumie kiungo faragha kabla ya Ijumaa.

Mratibu