Kuku wako kang'atwa na kicheche au mbwa? Mfunue manyoya kwanza

Wiki haipiti kwenye duka letu la dawa za mifugo hapa Chanika bila mtu kuja asubuhi asubuhi kabeba kuku kwenye ndoo, usiku kicheche kaingia bandani, watatu wamekufa mmoja kabaki anahema, na swali ni lile lile, huyu atapona au nimchinje tu? Mara nyingi anapona jamani, tena vizuri. Wengi tunaowapoteza tunawapoteza kwa sababu mfugaji anahangaika na kidonda kikubwa kinachoonekana, anaviacha vile vitundu vidogo vilivyojificha chini ya manyoya.

Mwezi wa nne walikuja wateja wawili siku moja. Mama mmoja alileta tetea aliyechanwa mgongo na mbwa wa jirani, ngozi imechunika kuanzia mabawani mpaka karibu na mkia, nyama yote nyekundu iko nje, ukimwangalia unasema huyu hafiki jioni. Kijana mwingine kaja na jogoo wa chotara, hana damu hata tone, anachechemea tu, tukamwambia tumwangalie akasema ana haraka, akanunua vitamini akaondoka. Yule tetea baada ya wiki sita ngozi ilishafunga na manyoya yanaota. Jogoo alikufa siku ya tatu, kijana akamrudisha tukamfunua chini ya bawa tukakuta matundu mawili, kila moja saizi ya punje ya mtama, na ndani kumeoza kabisa. Iliniuma sana kwa kweli maana alikuwa wa kupona yule.

Meno ya paka, mbwa na nguchiro yamechongoka na yana bakteria wengi, yanapenya ndani alafu juu tundu linajifunga, uchafu unabaki humo humo. Na usaha wa kuku hautiririki kama wa mtu, unaganda mgumu kama kiini cha yai la kuchemsha, kwahiyo ukisubiri uone usaha unatoka utasubiri mpaka kuku afe.

Sasa ukimkuta kaumia, mtoe pale kwa wenzake haraka maana wakiona damu wanamdonoa mpaka wanammaliza. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa, sehemu yenye giza na kimya, pembeni chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kanga, kwa sababu joto la kuku ni kama nyuzi 41 na akishtuka anapoa haraka, ukimshika miguu unaisikia ya baridi. Kama damu inatoka bonyeza kwa kitambaa safi dakika 5 mpaka 10 bila kufungua fungua kuchungulia. Usimmiminie maji mdomoni, tafadhali sana, tundu lake la hewa liko hapo hapo nyuma ya ulimi, maji yanaenda kwenye mapafu. Mdondoshee tone pembeni ya mdomo ameze mwenyewe, ukiwa na glukosi tia kidogo.

Akishatulia, baada ya kama saa moja, vaa glavu, mtu wa pili amshike, umfunue manyoya taratibu kwenye mwanga, shingoni, chini ya mabawa yote mawili, mapajani, mpaka karibu na sehemu ya haja. Manyoya ya kwenye kidonda yakate na mkasi usiyanyofoe, ngozi ya kuku ni nyembamba inachanika. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakibaki uvuguvugu yavute kwa sirinji isiyo na sindano uyasukume ndani ya tundu mpaka yanayotoka yawe meupe. Alafu aiodini uliyoichanganya na maji ikawa rangi ya chai ya rangi, basi. Ila ukiona tundu linatoa mapovu akihema, usisukume maji humo, hapo pameingia kwenye vifuko vya hewa, mlete. Na kama maji anayokunywa yanatokea shingoni, gole, yaani ule mfuko wa chakula shingoni, limetoboka, mlete pia.

Oili chafu, majivu, maji ya betri, jiki, spiriti, naomba tuviache. Najua watu wametumia miaka na kuna kuku walipona, ila vinaunguza ile nyama mpya inayoota.

Inzi nao, kipindi cha joto funza wanaweza kutokea ndani ya siku moja tu, kwahiyo mfunike na neti na usafishe asubuhi na jioni. Spirei ya bluu ya vidonda inasaidia, na ile rangi inaficha wekundu wenzake wasimdonoe akirudi.

Kuhusu antibayotiki, unga wa kuchanganya kwenye maji watu wanaupenda kwa sababu ni rahisi, lakini kuku mgonjwa hanywi maji ya kutosha kwahiyo dawa haimfikii, ndio maana daktari wetu anampima uzito na mara nyingi anachagua sindano. Mayai na nyama usile mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Na wewe mwenyewe, kama huyo mnyama kakung'ata au kakukwaruza wakati unamfukuza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kuku atasubiri.

Kumwangalia na kumsafisha hatukuchaji, unalipia dawa tu. Daktari yupo Jumanne na Ijumaa, siku nyingine tunampigia. Na usimrudishe bandani kabla hujaziba pale alipopita mnyama, kicheche akishaonja anarudi, mara nyingi usiku unaofuata, na ule wavu mwembamba wa kuku una matundu mapana, mbwa anauchana. Chukua ule mgumu wenye matundu ya nusu inchi, chini uufukie kama sentimita 30. Njoo na vipimo vya banda, tunakata kwa mita.