YAH: PS4 YANGU KURUDI MBOVU KULIKO ILIVYOINGIA, NA BODI YANGU KUTOONEKANA

Uyole, Mbeya
14 Julai 2025

Meneja,
Tawi la Mwanjelwa.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini kazi zinaendelea vyema huko. Huku hakuna kinachoendelea.

Masharti yenu ya dhamana na ya kumrudishia mteja kipuri chake cha zamani mmeyabandika wenyewe ukutani, sitayarudia. Naanzia kaunta.

Jumamosi tarehe 5 Julai niliirudisha kwenu mashine yangu ya gemu, hiyo PS4 mliyoitengeneza, nimeifunga kwa kanga ili isipigwe vumbi kwenye daladala. Kijana wenu aliichomeka, akaingiza CD yangu ya FIFA. Ikakoroma mara mbili, ikaitema. Badala ya kuitazama mashine akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: “Mama, hii siyo mashine ya kusaga. Umeichokonoa mwenyewe nyumbani.” Foleni nzima ikacheka. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa pembeni yangu.

Niichokonoe kwa nini? Bisibisi pekee niliyonayo ni ya kukazia mpini wa sufuria.

Mashine niliileta tarehe 3 Juni ikiwa na ugonjwa mmoja tu: ukiipa CD tatu, inasoma moja. Aliyenipokea siku ile (mwingine, mstaarabu, huyo simlaumu) alisema lenzi imechoka, na kwa vumbi la malori ya hapa njia panda sikubisha. Shilingi 85,000, nikalipa zote. Niliambiwa siku tatu, zikawa wiki nne. Likizo ya Juni ndiyo mavuno yangu. Watoto huja kucheza shilingi 500 kwa mechi. Mwaka huu walikuwa wanachungulia mlangoni, wanaona pedi za kuchezea gemu zimening’inia msumarini, wanaondoka kwa jirani.

Baada ya Saba Saba fundi wa hapa mtaani aliifungua mbele yangu. Nyuma skrubu zilikuwa tatu, ziliingia kwenu nne. Na juu ya bati la draivu, ile sehemu inayosoma CD, kuna maandishi ya maka nyekundu: TUNDUMA. Meneja, mashine yangu haijawahi kufika Tunduma! Hamkubadilisha lenzi. Mmeng’oa draivu nzima ya mteja mwingine, mkaipachika kwangu pamoja na bodi yake.

Fundi akanieleza, wala haikumchukua dakika mbili: lenzi unaweza kubadili, lakini bodi ya draivu na mazabodi, yaani bodi kuu, ya PS4 zimefungishwa ndoa kiwandani. Ukiweka bodi ya mashine nyingine, hata iwe nzima kabisa, CD ya gemu haitasomwa. Ilipokuja kwenu ilikuwa inasoma moja kati ya tatu. Sasa haisomi hata moja, na bila bodi yangu ileile haitasoma kamwe. Huyu ni fundi wa kibanda cha mabati. Ninyi wenye kibao cha taa hamkulijua hilo?

Narudi kaunta, maana ndiyo inayoniamsha usiku. Nilipoomba kukuona wewe, kijana aliisukuma mashine kwa kiganja, kama mtu anayekataa sahani ya ugali uliopoa. Ikafika ukingoni, mwanangu akaidaka. Ndipo akarudia, safari hii akiigeukia foleni ili wacheke vizuri: “Nimeshamwambia mama, hii siyo mashine ya kusaga.” Na bodi yangu wakati huo iko wapi? Mmeificha ninyi! Njia nzima ya kurudi mwanangu hakuongea. Tulipofika Uyole akaniuliza kama kweli niliiharibu mimi.

Nilipoanza kuandika nilitaka bodi yangu na 85,000 zangu tu. Sasa nataka pia nauli ya safari zote nilizozungushwa, na kijana huyo aniombe radhi kwenye kaunta hiyohiyo, siku ya Jumamosi, foleni ikiwepo na mwanangu akiwepo. Bodi isipopatikana, nataka mashine nyingine nzima inayosoma CD, nitaijaribu kabla sijatoka mlangoni.

Nawapa mpaka Jumatatu tarehe 21 Julai. Baada ya hapo nakwenda Tume ya Ushindani, na kutoka huko Mahakama ya Mwanzo. Halafu ile risiti yenu ya kuandikwa kwa mkono bado ninayo. Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mtandao uko chini. TRA nao watapenda kujua huo mtandao umekuwa chini tangu Juni.

Draivu ya Tunduma nimeifunga kwenye gazeti, iko salama kabatini. Mwenyewe akija kuiulizia, naye bila shaka CD zake hazisomi, mpeni namba yangu ya simu mliyoiandika kwenye kadi ya mapokezi.

Mteja wenu,
Mama wa chumba cha gemu, Uyole