Wasichana wa riadha shuleni waandikiwe muda wao

Mhariri,

Machi 2011, huko Punta Umbría, Uhispania, mwanafunzi wa sekondari kutoka Keringet alishinda mbio za nyika za dunia kwa vijana akikimbia peku. Alikuwa na miaka 17. Ndiye Faith Kipyegon, ambaye baadaye alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu: 2016 huko Rio, 2021 na 2024.

Kipaji hicho hakikuanzia Rio. Kilianzia kwenye viwanja vya shule, vile vya vumbi na mistari ya chokaa inayofutika kabla ya fainali. Lakini michezo ya shule ikifika, kurasa za magazeti hujaa soka. Msichana anayeshinda mita 800 na 1,500 alasiri moja huambulia sentensi moja, tena bila muda wake. (Wa tatu hata jina hapati.)

Naomba mchapishe jina, shule na muda wa kila fainali ya wasichana. Nafasi haihitajiki kubwa; tangazo moja la kuuza ploti likipunguzwa kidogo, inatosha.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru