Sindimba inastahili kazi kama ya Katherine Dunham

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Katherine Dunham, mtunzi wa dansi na ngoma za jukwaani, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 2006, kwa kuwa sisi wa Mtwara, ambao ngoma yetu ya sindimba huchezwa nchi nzima, tuna haja kubwa ya kuifahamu kazi yake.

Dunham alikuwa akisoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago alipopata ufadhili wa kwenda visiwa vya Karibi mwaka 1935. Aliishi Accompong, huko Jamaika, kijiji cha wazao wa watumwa waliotoroka, kisha akafika Martinique, Trinidad na Haiti. Haiti aliingizwa katika dini ya Vodou, na hivyo akazijua ngoma za ibada pamoja na wenye ibada yao. Martinique alipiga filamu ya ladja, mchezo wa kupigana unaokwenda na mapigo ya ngoma, na mwaka 1938 akautungia onyesho la L'Ag'Ya mjini Chicago. Utafiti ulitangulia, jukwaa likafuata, na hapo ndipo ninapouona ukuu wake. Miondoko ya kiuno, mabega na kifua aliyojifunza huko aliiunganisha na baleti, akapata mbinu ambayo hadi leo hufundishwa kwa jina lake.

Heshima aliyowapa wenye ngoma hizo aliidai pia kwa watazamaji. Mwaka 1944, mjini Louisville, aliutangazia ukumbi uliowatenga weusi na weupe kwamba hatarudi kucheza hapo mpaka ubaguzi ule uondolewe. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 82, alifunga kula kwa siku 47 kupinga namna Marekani ilivyowarudisha wakimbizi wa Haiti.

Sindimba nayo ilipanda majukwaani miaka ya 1960 kupitia kundi la ngoma la taifa, lakini iliacha nyuma jando na unyago, na watazamaji wengi wakabaki kuijua kama ngoma ya kukata kiuno tu. Siwalaumu wachezaji, ambao wengi wao ni mafundi kwelikweli. Ninachosikitikia ni kwamba wazee wa Newala na Tandahimba wanaojua kwa nini kila mwondoko upo mahali pake wanazidi kupungua, na maarifa yao hayajaandikwa ipasavyo.

Nawaomba maofisa utamaduni wa halmashauri zetu waketi na wazee hao pamoja na makungwi, wawarekodi kwa ridhaa yao, na yale ya siri ya unyago yaachwe kwa wenyewe. Nawe, Mhariri, ngoma ikichezwa kwenye sherehe, tafadhali waandishi wako wamtaje aliyewafundisha wachezaji na mahali alikojifunza, kama wanavyomtaja mgeni rasmi.

Msomaji wako,
Mtwara