Varosha: mmeandika mastaa, wahudumu je?

Mhariri,

Salamu kutoka huku Saiprasi ya Kaskazini, mimi ni Mtanzania nipo huku kikazi na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila siku. Juzi mlitoa picha za Varosha, lile eneo la mahoteli ya ufukweni la mji wa Famagusta, mahoteli matupu, bahari inang'aa, na maneno kibao ya jinsi mastaa wa sinema kama Elizabeth Taylor na Brigitte Bardot walivyokuwa wanakuja kula raha. Picha kali, sina ubishi. Ila mimi nimefika pale na naona habari yenyewe mmeiruka.

Kwa wasiojua, Julai 1974 jeshi la Saiprasi lilimpindua Rais Makarios kwa msukumo wa wanajeshi waliokuwa wanatawala Ugiriki, siku tano baadaye Uturuki ikashusha majeshi kisiwani, ilipofika katikati ya Agosti wakazi wa Varosha karibu 40,000, wengi wao Wagiriki wa Saiprasi, wakakimbia na walichoweza kubeba, wakidhani ni mambo ya siku chache tu wanarudi. Kisiwa kikagawanyika, Kaskazini kwa Waturuki na kusini kwa Wagiriki, na Varosha yenyewe jeshi la Uturuki likaizungushia seng'enge, pakakaa hivyo hivyo mpaka Oktoba 2020 walipofungua sehemu ya ufukwe na barabara kadhaa.

Leo ukienda unakodi baiskeli unazunguka, lami mpya safi kabisa, pembeni kamba na vibao vya kukataza usiingie kwenye majengo. Kuna hoteli moja nilisimama mbele yake, balkoni zimening'inia nondo ziko nje, mti umeota ndani kule mapokezi ukatokea dirishani, na nyuma yangu dada mmoja anampanga mwenzie, "sogea kidogo, ghorofa lionekane lote". Simlaumu, palivyopangwa ni patazamwe tu.

Kinachonikera ni kwamba kila anayeongelea Varosha anaongelea wenye mali. Baraza la Usalama la UN kwenye azimio namba 550 la 1984 lilikataa Varosha ikaliwe na watu wengine zaidi ya wakazi wake, sawa. Huku Kaskazini kuna tume inayopokea madai ya waliokuwa na nyumba na ardhi kabla ya 1974, na watu wa wakfu nao wanadai ardhi ile ni yao toka enzi za Waosmani, Waturuki waliotawala kisiwa zamani (hiyo kesi nyingine ndefu, tuiache). Yote hayo ni ya wenye hati. Sasa yule aliyekuwa anabeba trei, mpishi, mama wa kutandika vitanda, fundi cherehani aliyepanga kibanda nyuma ya hoteli anashonea wageni, yeye atadai kwa karatasi gani? Na ilikuwa Agosti, msimu wenyewe, mwezi ambao mtu wa hoteli anategemea apate hela ya kumvusha mpaka wageni warudi tena. Mimi nimefanya kazi za hoteli Zanzibar kabla ya kuja huku, najua mtaji wetu ni kazi yenyewe na wale wageni wanaokujua kwa jina, ikifungwa unaondoka mikono mitupu hata kama umefanya miaka ishirini.

Halafu kuna ambao walivukia kusini wakaenda kuanza upya Ayia Napa na Protaras, enzi hizo Ayia Napa ni kijiji tu, watu wanavua na kulima, leo ndiyo inajaa vijana wa Ulaya kila kiangazi. Yaani utalii uliokufa huku ulifufukia kilomita chache tu upande wa pili, na hamkuligusa hata kwa mstari mmoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyama ya habari.

Wazee wa mji ule wapo, wengine wanakaa Deryneia hapo hapo ng'ambo ya mpaka, na toka 2018 kuna kivuko cha kupita. Mtumeni mwandishi akakae nao awaulize walifanya kazi hoteli gani, walikuwa wanalipwaje, mshahara wa mwezi ule wa mwisho waliupata au haukutoka. Elizabeth Taylor tumeshamsikia vya kutosha.

Msomaji wenu,
Famagusta