Mjomba, Huko Mwezini Wanakula Nini?

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua iliyotunyeshea huku Mikindani wiki iliyopita imefika na kwenu Newala. Ninaiandika wazi, kwa kuwa neno uliloniambia mwezi wa Juni, ulipokuja kwenye arusi, nimelisikia pia kwa watu wengine ninaowaheshimu.

Siku ile ulikikuta kitabu changu juu ya kifuniko cha mtungi, ukakigeuza, ukauliza kwa nini mwanamke mwenye bustani atumie jioni zake kusoma habari za watu wanaoishi kwenye nyota. Ulisema vitabu vya aina hiyo vinamwondoa mtu ardhini. Sikukujibu mbele ya wageni, kwanza kwa heshima, na pili kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, na nimelipata nikiwa nimeinama kwenye kitalu.

Kwa wenzetu wa Ulaya bustani huamka theluji inapoyeyuka. Kwetu mwaka unaanzia hapa, kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, upepo wa kusi ukiwa umeshakwisha na kaskazi inaanza kushika. Mtu wa Moshi akikosea mvua za vuli atazingojea za masika. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja tu hadi Aprili au Mei, na tukiukosea tumeukosea mwaka mzima. Ndiyo maana mvua ya kupandia ikinyesha usiku silali tena, bali nasikiliza bati na kuhesabu kama maji yametosha kulowanisha mchanga kupita kina cha kidole.

Mwaka huu nilianza na mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, na ukizimwaga kwa mkono huota rundo mahali pamoja na upara mahali pengine, kwa hiyo nilifanya kama ulivyonifundisha: kifuniko kimoja cha chupa cha mbegu, vikombe viwili vya mchanga mkavu, nikachanganya, nikanyunyiza kwa vidole vitatu katika mistari, kisha nikafunika kwa makuti. Alfajiri ya siku ya nne niliinua kuti la kwanza. Mstari wote ulikuwa umetoka, vijimea vyenye majani mawili membamba na shingo za rangi ya waridi, vingine vikiwa bado vimevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Niliyaondoa makuti yote saa ile ile, maana yakichelewa hata siku moja vijimea hurefuka kutafuta mwanga, hupauka na kulala. Marando ya matembele nimeyachomeka upande wa choo cha nje, na bamia ziko karibu na ukuta.

Nyanya zilinivunja moyo msimu uliopita. Zilinyauka mchana ilhali udongo una maji, na nilipong'oa mche mmoja nikakuta mizizi imejaa vinundu kama shanga zilizotungwa vibaya. Ulinieleza kwa simu kuwa ile ni minyoo fundo, na kwamba mchanga wetu wa pwani unaipendeza sana. Nimeichoma mizizi yote, nimeongeza samadi, na pale pote sasa nimepanda karanga, ambazo minyoo ile haizifuati kama inavyofuata nyanya na bamia.

Nirudi kwenye kitabu. Kinaitwa Binti, na jina hilo ndilo lililonifanya nikinunue. Kimeandikwa kwa Kiingereza na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kikatoka mwaka 2015, na kimepata tuzo za Hugo na Nebula, ambazo kwa waandishi wa bunilizi za kisayansi hakuna zinazotajwa zaidi. Kwa wasomaji wa mbali si kipya tena, lakini huku kusini vitabu hutufikia kwa kuchelewa, na kwangu kilikuwa kipya kabisa. Binti mwenyewe ni msichana wa Kihimba, kabila la kaskazini mwa Namibia, fundi wa hisabati, ambaye anaondoka kwao kwa siri kabla hakujapambazuka ili akasome chuo kikuu katika sayari nyingine. Na unajua amebeba nini, Mjomba? Amebeba udongo. Wahimba hujipaka otjize, mchanganyiko wa udongo mwekundu na mafuta, na yeye anaenda nao angani, udongo wa nyumbani, na baadaye katika hadithi udongo huo unakuwa na kazi ambayo sitakueleza hapa.

Chombo anachosafiria ni kiumbe hai, jamii ya kamba wa baharini, na ndani ya mwili wake mna vyumba vitatu vikubwa vya kupumulia, vilivyopandwa mimea inayokua upesi ili hewa waliyokwisha kuivuta abiria irudi kuwa hewa safi. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Mwandishi alikuwa amefika mbali kuliko macho yanavyoona, na jambo alilolishughulikia mapema ni bustani.

Tangu hapo nimepata kipimo cha kupimia vitabu hivi, nacho kimetoka mikononi mwako. Nikifungua riwaya ya mji ulio mwezini au chini ya bahari, natafuta kwanza watu wake wanakula nini, maji yanatoka wapi na nani anaamka kumwagilia. Mwezi uliopita niliazima riwaya nene yenye vita vya kurasa zaidi ya mia mbili, majeshi yanavuka kutoka nyota hii hadi ile, na humo hakuna hata mtu mmoja aliyepanda, aliyevuna wala aliyeosha sufuria. Niliirudisha kabla ya kuimaliza. Ulikuwa na haki, basi, kuhusu vitabu kama hicho. Lakini vilivyo bora havimwondoi mtu ardhini. Vinamwonyesha thamani ya ndoo moja ya samadi pale ambapo samadi haipo.

Wala hayo si ya kutungwa tu. Agosti 2015, mwaka ule ule kilipotoka Binti, wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga walikula saladi nyekundu waliyoikuza wenyewe humo ndani. Januari 2019 mbegu ya pamba iliota ndani ya chombo cha Wachina, Chang'e-4, kilichotua upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Usiku wa huko ulipoingia, usiku ambao mmoja wake ni kama wiki zetu mbili, mche ule ulikufa kwa baridi. Niliposoma habari hiyo niliwaza kuti langu, na siku moja ya kuchelewa.

Kwa Kiswahili njia hii ya kutunga hadithi bado haijakanyagwa sana. Tunazo riwaya za Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya 1991, zote za Euphrase Kezilahabi, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila ya 2002, nazo zinathubutu kuuvuka uhalisia, ingawa zinaelekea zaidi kwenye ndoto na falsafa kuliko kwenye kitalu na pampu ya maji. Ninachokitamani mimi ni riwaya inayoanzia nyumbani kwako. Umekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga hunywa mvua yote na bibi zetu walikuwa wakishuka bondeni usiku kufuata maji. Hadi leo bati lako lote linamwaga kwenye tangi la chini ya ardhi, maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mpapai, na ya kunawia mikono yanakwenda kwenye mchaichai. Mtu akitaka kuandika kwa ukweli juu ya watu waishio mahali pasipo na mto, angekaa kwako mwezi mmoja kabla hajashika kalamu.

Kwa hiyo nina swali, nami naliuliza kwa dhati. Ungeambiwa upande chombo cha namna ile na kubeba kibaba kimoja tu cha mbegu, ungechukua mbegu gani? Mimi ningebeba kunde, kwa kuwa majani yake ni mboga na punje zake ni chakula cha kuweka. Nahisi wewe utasema njugu mawe, na ningependa kuzisikia sababu zako zote, pamoja na kiasi cha maji utakachozipa.

Mchicha utakuwa tayari kuchumwa kabla mwezi huu haujaisha. Njoo na hizo njugu mawe za mbegu, tuzipande pembeni mwa karanga, na jioni nitakusomea kwa Kiswahili, taratibu, ule ukurasa wa vyumba vitatu.

Mpwa wako,
Mikindani