Collins au Yaesu: ipi itengenezwe kwanza?

Mteja mmoja alipanda ngazi hadi karakana yetu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, na redio mbili za marehemu babake za kuzungumza na watu wa mbali hewani, zimefungwa kwa blanketi: Collins KWM-2 na Yaesu FT-101E. Pesa alizokuwa nazo zingetengeneza moja tu.

Collins ni redio ya kuringia. Ilitoka Marekani 1959, kupokea na kurusha vyote ndani ya sanduku moja, na ukizungusha kitufe chake cha masafa utaelewa kwa nini wazee waliipenda. Lakini haina pawasaplai (kifaa cha kuilisha stima) ndani. Ile yake, 516F-2, hukaa kando na mara nyingi huja imefungwa kwa volti 115. Ukiichomeka hivyo moja kwa moja kwenye stima yetu ya 240, utanusa moshi kabla hujasikia sauti. Tena ni valvu pekee, zile taa za kioo za kabla ya transista, nyaya zimelehemewa moja moja kwa mkono. Kutafuta hitilafu humo ni kazi ya siku kadhaa, na saa za fundi hulipiwa.

FT-101E ya Mjapani, ya miaka ya 1970, ni transista karibu yote. Valvu ni tatu tu. Bodi zake nyingi huchomoka kwenye soketi, kwa hivyo tunaipima kila moja peke yake. Transfoma iko ndani, na nyaya zake hufungwa upya kufuata stima ya nchi, kutoka volti 100 hadi 234. Usiamini aliyekutangulia, maana tumefungua moja ikiwa bado imefungwa kwa 117! Udhaifu wake ni zile valvu mbili za mwisho, zinazosukuma mawimbi hadi antena, 6JS6C. Zilibuniwa kwa televisheni za zamani, na siku hizi ni adimu na ghali. Zile za Collins, 6146, ni rahisi kidogo kuzipata.

Yoyote uliyo nayo, tafadhali usiiwashe “kuona kama inafanya”. Kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) zilizolala miaka mingi hupasuka zikipigwa stima yote ghafla. Sisi huipandisha polepole kwa variaki, transfoma ya kuongeza volti kidogo kidogo. Usitie mkono ndani pia. Kuna volti 600 kwenye Yaesu na 800 kwenye Collins, na hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. (Kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hiyo hatuuzi.)

Tulimshauri aanze na Yaesu, bora valvu ziwe nzima. Tulizipima akiwa amesimama hapo hapo: zote tatu hai. Collins ilirudi kwenye blanketi, ikingoja pawasaplai.